Unene wa Lenzi

Desemba iliyopita mjukuu wangu alikuja kunisalimia kutoka Dar es Salaam, akiwa na mkoba mweusi aliouazima kazini kwake. Ndani ya mkoba mlikuwa na kitu kinachofanana na miwani ya mchomea vyuma. "Babu, hebu vaa," aliniambia, akanifunga mikanda kisogoni. Mara sebule yangu ikapotea, nikajiona nimesimama juu ya mwamba, bahari ikivuma chini yangu. Niliushika mkono wa kiti kwa nguvu. Watoto wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini nilipokivua kifaa kile, sikuuliza habari za kompyuta iliyomo. Nilikigeuza nikatazama lenzi zake mbili. Zilikuwa ndogo, na mjukuu akanieleza kwamba vioo vya picha viko nyuma yake, karibu mno. Hapo likanirudia swali nililolizima mwaka 1978, na moyo ukaniuma.

Mwaka huo nilikuwa mkufunzi kijana wa fizikia katika chuo cha ualimu. Nilichora ubaoni lenzi mbinuko, nene katikati na nyembamba pembeni, nikaonyesha jinsi nuru inavyopinda inapoingia kwenye kioo na inavyopinda tena inapotoka. Mwanachuo mmoja wa mstari wa nyuma akasimama. "Mkufunzi," alisema, "kama nuru hupinda usoni tu, huu unene wa katikati una kazi gani? Hatuwezi kuuondoa?" Darasa likacheka. Nami, kwa kuwa muda ulikuwa umebana na mtihani ulikuwa karibu, nikamjibu: "Kaa chini. Lenzi isiyo na unene si lenzi." Akakaa. Mpaka mwaka ulipokwisha hakunyoosha mkono tena katika somo langu.

Jibu la swali lake lilikuwepo duniani kwa zaidi ya miaka 150. Mfaransa Augustin Fresnel alikuwa akitafuta lenzi kubwa ya mnara wa taa, itakayokusanya nuru na kuirusha mbali baharini. Lenzi ya kawaida ya ukubwa ule ingekuwa nzito kupita kiasi, na unene wake ungekula nuru. Basi akajiuliza kama yule mwanachuo wangu. Aliuacha mpindo wa uso, akaondoa nyama ya ndani, akaupanga uso ule kwa pete pete, pete ndani ya pete. Mwaka 1823 lenzi yake iliwashwa katika mnara wa Cordouan, kwenye mlango wa mto Gironde. Fresnel alifariki mwaka 1827, akiwa na umri wa miaka 39.

Kifaa cha mjukuu wangu nacho kina ukoo wake. Mwaka 1838 Charles Wheatstone wa Uingereza alieleza chombo cha kuonyesha kila jicho picha yake, ili akili iziunganishe na kuona kina. Kilitumia vioo vya kujitazamia, na kilikuwa kitu cha kuwekwa mezani. Mwaka 1849 David Brewster, wa Scotland, alieleza chake chenye lenzi badala ya vioo, kikawa kisanduku cha kushika mkononi. Mwaka 1861 Mmarekani Oliver Wendell Holmes alikifanya kuwa chepesi na rahisi zaidi, wala hakudai hatimiliki. Kwa hiyo hamu ya kupunguza ukubwa bila kuharibu picha si ya jana.

Mwaka 1968 Ivan Sutherland, huko Marekani, alieleza kifaa cha kuvaa kichwani kilichoonyesha michoro ya kompyuta. Mbele ya macho kilikuwa na mirija miwili midogo ya picha, mfano wa ile ya televisheni za zamani, na kichwa cha mvaaji kiliunganishwa na chuma kilichoning'inia kutoka darini ili kompyuta ijue anageukia wapi. Mtu aliona eneo la nyuzi 40 hivi, kama anayechungulia dirishani.

Ugumu wenyewe ni huu. Jicho la mtu mzima haliwezi kuona vizuri kitu kilicho karibu kuliko sentimita 25 hivi. Ukitaka kuweka kioo cha picha sentimita 4 au 5 kutoka usoni, lazima uweke lenzi katikati, ili jicho lidhani picha iko mbali. Lenzi nayo inadai nafasi yake, yaani umbali kati yake na kioo cha picha. Nafasi hiyo ndiyo inayokifanya kifaa kichomoze mbele, na kila kinachochomoza huielemea shingo, kama mtungi uliobebwa kwa mkono ulionyooshwa. Ukitaka kuifupisha, itakubidi uiongezee lenzi mpindo. Lakini lenzi yenye mpindo mkali huwa nene, mistari iliyonyooka hupinda pembezoni mwake, na rangi huachana, nyekundu huku na buluu kule.

Mafundi walijibu kwa hatua. Hatua ya kwanza ilikuwa kuiacha lenzi ikosee, kisha kuikosesha picha kinyume chake. Kompyuta huchora picha iliyovimba kama pipa, lenzi huivuta pembe zake, na jicho huona mistari imenyooka. Njia hiyo ilitumika katika kifaa cha Oculus kilichotolewa kwa watengenezaji wa programu mwaka 2013. Bei yake ni kwamba nukta za picha hazigawanywi sawasawa, na nyingine hupotea bure.

Hatua ya pili ilikuwa kumrudia Fresnel. Mwaka 2016 vifaa vya Oculus Rift na HTC Vive viliuzwa vikiwa na lenzi zenye pete. Lenzi zikawa nyembamba na nyepesi. Lakini kila ukingo wa pete hutawanya nuru kidogo, na penye maandishi meupe juu ya weusi mvaaji huona miali ya ukungu. Mnarani kasoro hiyo haimsumbui nahodha, maana yeye anatafuta nuru tu. Anayesoma herufi inamsumbua.

Hatua ya tatu ndiyo iliyokuwa mikononi mwangu. Wazo lake ni la mwishoni mwa miaka ya 1960, la Mmarekani Joseph La Russa, kwa ajili ya mashine za kufundishia marubani. Badala ya kufupisha safari ya nuru, unaikunja. Nuru hutoka kwenye kioo cha picha, hupita kwenye kioo kinachopitisha nusu na kurudisha nusu, huenda mbele, hugonga utando unaoirudisha nyuma, hugonga tena kile kioo cha nusu, ndipo hulifikia jicho. Imetembea njia ile ile mara tatu, kama mtu anayefanya mazoezi ya kutembea ndani ya chumba kidogo. Tena kioo cha kurudisha nuru hakitenganishi rangi. Meta Quest 3 ya mwaka 2023 na Apple Vision Pro ya mwaka 2024 zimejengwa hivyo. Lakini tupige hesabu: nusu ya nuru hupotea mara ya kwanza, na nusu ya iliyobaki mara ya pili. Hata kila kitu kikiwa kamili, inayofika ni robo tu. Kwa hiyo vioo vya picha hulazimika kuwaka kwa nguvu zaidi, navyo hula betri na kuleta joto.

Nimejifunza nini? Kwamba kupunguza hakuachi kulipiwa. Kwanza ulilipa kwa nukta, halafu kwa miali, sasa kwa nuru. Fundi mwema hatafuti njia isiyo na bei, bali huchagua bei ambayo mtumiaji anaweza kuivumilia. Na hawezi kuchagua kabla hajauliza: katika unene huu wote, ni sehemu gani hasa inayofanya kazi?

Hilo ndilo swali lililoulizwa katika darasa langu, na mimi nikalikalisha chini. Baadaye nilikuwa mkuu wa chuo, nikawaasa wakufunzi wengi wasimcheke anayeuliza. Sikuwaambia kamwe nilijifunzia wapi. Nilikuwa nimepunguza somo ili liingie katika dakika 40, nikaondoa kilichokuwa kikifanya kazi, nikabakiza unene.

Mjukuu wangu aliniuliza kwa nini nimenyamaza. Nikamweleza. Akasema, "Babu, mtafute." Nimeuliza kwa wachache tuliofanya kazi pamoja, sijampata. Bila shaka naye sasa ni mwalimu mstaafu. Kama ukurasa huu utamfikia, jibu langu, lililochelewa miaka mingi, ni hili: Ndiyo, ndugu yangu. Tunaweza kuuondoa. Simama, uwaeleze wenzako.