Sukari Iliyochongwa: Habari za Keki ya Ghorofa

Somo letu la leo ni la historia, lakini hatutazungumza juu ya vita wala mipaka ya nchi. Tutazungumza juu ya keki. Asicheke mtu! Keki ya arusi, ile ya ghorofa tatu au nne, iliyochongwa ikapindika kama ua au kama kuba, ina historia ndefu, na ndani yake mna jasho la watu wengi.

Mmepata kuona, au kusikia, kazi ya mafundi wa Lamu na Unguja wachongao milango. Fundi huondoa mti kidogo kidogo mpaka umbo alitakalo litokee. Fundi wa keki naye ana kisu chake, lakini keki si mti. Ikiwa laini hupukutika, na ukiweka keki nyingine juu yake hudidimia. Basi tangu zamani fundi huyu alijiuliza maswali mawili: umbo nitalipataje, na uzito utabebwa na nini? Majibu mengi aliyapata katika sukari.

Twende kwanza Ufaransa. Mnamo mwaka 1784 hivi alizaliwa Antonin Carême, mtoto wa watu maskini mjini Paris. Alipokuwa akifanya kazi ya kuoka, alikwenda katika maktaba kubwa ya mji kunakili picha za majengo ya kale. Kisha aliyajenga majengo yale kwa sukari na lozi zilizosagwa: mahekalu, minara, hata magofu. Mwaka 1815 alitoa kitabu chenye michoro ya kazi hizo. Ziliwekwa katikati ya meza za wakubwa, nazo zilikuwa za kutazamwa zaidi kuliko kuliwa.

Sasa tuvuke bahari mpaka Uingereza. Tarehe 10 Februari 1840 Malkia Victoria aliolewa. Keki yake ilikuwa na uzito wa ratili 300, yaani kilo 136 hivi, na mzingo wake futi 9. Haikuwa ya ghorofa. Ilikuwa keki moja pana, na juu yake vilisimama vinyago vya sukari vya bibi na bwana arusi, wamevikwa nguo za Warumi wa kale! Mwaka 1858 binti yake alipoolewa, keki ilipanda juu kupita urefu wa mtu. Lakini ile ilikuwa hila, kwa maana sehemu za juu zilikuwa sukari tupu. Ilipofika mwaka 1882, katika arusi ya Leopold, mwana wa Malkia, ndipo ghorofa zote zilipokuwa keki ya kuliwa.

Zilisimamaje? Ute wa mayai ulipigwa pamoja na sukari ya unga, ukapakwa juu ya keki nzito ya zabibu. Mchanganyiko huo hukauka ukawa mgumu kama chokaa ya ukutani. Ubaya wake ni kwamba bibi arusi alitaabika kuikata keki yake.

Hapa nawaomba tusimame kidogo. Sukari hiyo ilitoka wapi? Kwa muda mrefu Waingereza waliipata katika visiwa kama Jamaica na Barbados, ambako Waafrika waliotekwa na kuuzwa walilima miwa kwa mijeledi. Sheria ya kuwafungua ilipitishwa mwaka 1833, ikaanza kutumika mwaka 1834, lakini wengi walilazimishwa kuwafanyia kazi mabwana wao mpaka mwaka 1838. Serikali ya Uingereza ililipa fidia ya pauni milioni 20. Walilipwa mabwana, watumwa hawakupewa kitu. Hesabuni wenyewe: kutoka mwaka 1838 mpaka keki ile ya mwaka 1840 ni miaka mingapi? Wala tusidhani mambo hayo yalikuwa ya mbali tu. Hapa pwani yetu, katika bonde la Pangani, watumwa walilima miwa katika karne hiyo hiyo.

Mwaka 1874 Uingereza iliondoa ushuru wa sukari, bei ikashuka, na watu wa kawaida nao wakataka keki ya ghorofa. Mafundi walitia sukari laini katika mfuko wenye mdomo mwembamba, wakaifinya itoke kama uzi. Joseph Lambeth, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1934, alijulikana kwa kupanga nyuzi hizo moja juu ya nyingine mpaka mikunjo ikainuka kama nakshi. Kisha ikaja vita. Mwaka 1940 serikali ya Uingereza ilikataza kupamba keki kwa sukari. Maarusi walikodi kifuniko cha karatasi ngumu chenye umbo la keki ya ghorofa. Chini yake mlikuwa na kikeki kidogo.

Mkunjo wa kweli ulikuja na sukari ya namna nyingine, laini, isukumwayo kama chapati. Hutandikwa juu ya keki nayo hufuata kila pindo. Sasa kisu kiliweza kwenda kitakako. Fundi huipoza keki kwanza mpaka ikaze, kisha huchonga kuanzia juu, vipande vyembamba vyembamba, maana kilichokatwa hakirudi.

Ziko keki zionekanazo kama zinaanguka, ghorofa zimeinama huku na huku. Msiogope. Fundi amechimba shimo lenye sakafu iliyo sawa katika ule mteremko, na ghorofa ya juu imekaa humo. Chini yake kuna kibao chembamba, na chini ya kibao vijiti vilivyokatwa kwa urefu mmoja, vimesimama ndani ya keki mpaka chini. Uzito wote hubebwa na vijiti hivyo. Kwa hiyo mwenye kuigawa keki huambiwa mapema idadi yake, avitoe vyote kabla mtoto hajauma kipande chake.