Harmonika na mapengo yake

Mwanakwaya aliyezoea kusoma solfa akishika harmonika ya matundu 10 kwa mara ya kwanza atadhani ameuziwa kitu kibovu. Upande wa kushoto, kwenye sauti nzito, "fa" haipo na "la" haipo, ilhali "so" inapatikana mara mbili. Katikati, kuanzia tundu la 4 hadi la 7, ngazi imetimia. Kulia, kwenye sauti nyembamba, "ti" haionekani. Kiwanda hakikukosea. Mapengo hayo yaliwekwa makusudi, na ndiyo yaliyoamua nani angekipiga kinanda hiki cha mdomo na kwa nyimbo zipi.

Wachina walikuwa na sheng, ala ya mianzi yenye vilimi vinavyotetemeshwa na pumzi, karne nyingi kabla ya Ulaya kuwazia jambo hilo. Huko Ulaya harmonika ilizuka katika nchi za Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 19. Vitabu vingi humpa sifa Christian Friedrich Buschmann, ingawa ushahidi wake ni hafifu, na mimi nisingeligombania jina hilo. Aliyeifanya bidhaa ya dunia anajulikana vizuri zaidi: Matthias Hohner, fundi saa wa Trossingen, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Ujerumani. Hakuwa wa kwanza hata katika mji wake, maana Christian Messner alikuwa ametangulia kuzitengeneza. Hohner alianza mwaka 1857, na mwaka huo wa kwanza karakana yake ilitoa harmonika 650. Soko kubwa lilikuwa Marekani, walikokuwa wamehamia Wajerumani wengi. Mwaka 1896 kampuni yake ilitoa Marine Band, yenye matundu 10 na vilimi 20 vya shaba, ambayo hadi leo inauzwa kwa jina hilohilo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilikuwa imewameza washindani wake wa Trossingen, wakiwemo warithi wa Messner.

Mpangilio wa sauti zake huitwa wa Richter, kwa jina la fundi wa Bohemia ambaye habari zake ni chache mno. Kila tundu lina sauti mbili: moja kwa kupuliza, nyingine kwa kuvuta. Ukipuliza popote unapata "do", "mi" au "so", yaani zile sauti tatu zinazokaa pamoja bila kugombana. Ukivuta matundu manne ya kushoto unapata "so", "ti" na "re". Nyimbo nyingi za kijijini za Wajerumani na Waaustria hutembea juu ya nguzo hizo mbili tu. Mpigaji aliweza kufunika baadhi ya matundu kwa ulimi, akapiga wimbo kwa pembe ya mdomo, kisha akainua ulimi kidogo ili sauti nzito zimwitikie. "Fa" na "la" zingebaki pale chini, kiitikio hicho kingeharibika. Kwa hiyo fundi alizitoa, akarudia "so".

Ndiyo maana wimbo wa kwanza wa mwanafunzi huanzia karibu kila mara kwenye tundu la 4. Puliza la 4 upate "do", vuta upate "re". La 5 ni "mi" na "fa", la 6 ni "so" na "la", kwa mtindo uleule wa kupuliza kisha kuvuta. Mguu huteleza kwenye tundu la 7, kwa sababu hapo utaratibu unageuka: "ti" inatangulia kwa kuvuta, "do" ya juu inafuata kwa kupuliza. Ajuaye hilo mapema hujiepushia hasira nyingi.

Kilichotokea kusini mwa Marekani hakikuwa kwenye hesabu za Trossingen. Wapigaji Weusi walichukua harmonika ya ufunguo wa C na kuipigia nyimbo za ufunguo wa G, wakaegemea kuvuta kuliko kupuliza. Tena waligundua kwamba ukibadili umbo la kinywa na koo wakati wa kuvuta, sauti inapinda na kushuka. Tundu la 2 likipindwa vya kutosha hutoa ile "fa" iliyoachwa, na la 3 hutoa "la". Mapengo ya Richter yakazibwa kwa pumzi, na sauti iliyopatikana ililia kwa namna ambayo kilimi kilichonyooka hakiwezi. Kwangu huu ndio uvumbuzi mkubwa kuliko wote katika historia ya ala hii, na hakuna kiwanda kinachoweza kudai kuwa ndicho kilichouleta.

DeFord Bailey, aliyezaliwa Tennessee mwaka 1899, aliigeuza harmonika kuwa gari moshi. Wimbo wake "Pan American Blues", aliourekodi mwaka 1927, una mluzi, magurudumu na mwendo unaoongezeka, vyote kwa mdomo na viganja viwili. Alikuwa miongoni mwa nyota wa mwanzo wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio ya WSM ya Nashville. Mwaka 1941 aliondolewa, akaishi kwa kung'arisha viatu. Alifariki mwaka 1982, na jina lake likaingizwa katika Jumba la Heshima la muziki wa country mwaka 2005, miaka 23 baada ya kuzikwa. Heshima hiyo ilichelewa mno.

Wengine nao walijulikana kwa ala hii. Sonny Terry, mpigaji kipofu, alipiga katika ukumbi wa Carnegie Hall mwaka 1938. Mwimbaji Woody Guthrie alijifunza akiwa kijana Oklahoma kwa kumsikiliza mng'arisha viatu Mweusi. Bob Dylan, aliyemwiga Guthrie, alimpigia harmonika mwimbaji Harry Belafonte katika "Midnight Special", yuleyule Belafonte aliyetoa "Malaika" pamoja na Miriam Makeba mwaka 1965.

Kwetu harmonika haikupata kiti chake. Ndugu yake mkubwa, akodiani, inayotumia vilimi vya aina hiyohiyo, ndiyo iliyoingia katika taarab ya Unguja na mwomboko wa Wakikuyu.

Anayetaka kujaribu atafute ya matundu 10, ufunguo wa C, na aishike namba 1 ikiwa kushoto. Asuuze kinywa kwanza, maana mabaki ya chakula huziba vilimi. Achague wimbo anaoujua kwa moyo, usiopita "do" mpaka "do", na avute polepole kwa pumzi ya tumboni. Nyimbo zetu nyingi za watoto zinatosha kabisa katika matundu manne ya katikati, la 4 hadi la 7.