Gitaa mpya au ampli mpya? Historia ya muziki wetu ina jibu

LUVUNGI, Kivu ya Kusini – Kuanzia Kamanyola mpaka Uvira, katika uwanda wote wa Ruzizi, ni vigumu kupata korali au kikundi cha vijana ambacho hakijagombana juu ya swali hili. Michango imekusanywa kidogo kidogo, na pesa iliyo sandukuni inatosha kununua kitu kimoja tu. Mpiga solo anataka gitaa mpya ya umeme, kwa sababu ile ya zamani inamwaibisha. Waimbaji wanasema ampli imechoka, inakoroma kuliko inavyoimba. Kikao kinaenda mpaka usiku, wengine wanatoka wamenuna, na kuna vikundi vinavyovunjika kabla chombo hakijanunuliwa.

Wapendwa wasomaji, wazee wetu waliomo katika muziki walikutana na swali hilohilo tangu miaka ya 1950, wakalijibu kwa njia mbalimbali. Tuwafuate hatua kwa hatua, kisha kila kikundi kijiamulie.

Wakati gitaa ilitosha peke yake

Tuanzie Katanga. Mwaka 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alikuwa akizunguka na mashine yake ya kurekodi. Huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, alimrekodi kijana aliyezaliwa mwaka 1930, Mwenda Jean Bosco wa Bayeke. Wimbo wake Masanga ulivuka mipaka. Kwa vidole vyake Mwenda alitoa sauti nyingi kwa pamoja, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Baadaye alifika mpaka Nairobi, na vijana wa Kenya wakajifunza kwake.

Gitaa ya Mwenda ilikuwa ya mbao tupu, bila waya wala umeme. Aliwapigia watu waliokaa karibu naye, au alikaa mbele ya mikro, na sahani ya santuri ndiyo iliyobeba sauti yake mbali. Kwa kazi ya namna hiyo, chombo ni gitaa tu. Lakini mweke Mwenda mbele ya watu 300 wanaocheza katika baa, pamoja na ngoma na tarumbeta, hata safu ya mbele haitamsikia.

Umeme unaingia Léopoldville

Mwaka 1953 Mbelgiji mmoja mpiga gitaa, Bill Alexandre, alifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, kufanya kazi katika studio ya CEFA. Alikuja na gitaa ya umeme, na vijana wa mji wakaishangaa.

Tueleze kidogo namna inavyofanya kazi, kwa sababu jibu letu limejificha hapo. Chini ya nyuzi za gitaa ya umeme kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa katika ule waya. Umeme huo hauwezi kusukuma bafle hata kidogo. Ni ampli inayouchukua, inaukuza, kisha inausukuma kwenye bafle, na bafle inapiga hewa. Kwa hiyo gitaa ya umeme peke yake ni nusu ya chombo. Nusu ya pili ni ampli.

Nusu hizo mbili hazikugawanyika sawasawa kati ya watu. Franco Luambo Makiadi, aliyezaliwa mwaka 1938, alianza utotoni kwa gitaa aliyojitengenezea kwa kopo na nyaya za umeme. Mama yake alikuwa akiuza maandazi sokoni, na mtoto alipiga hapo karibu. Mwaka 1953, akiwa na miaka 15, aliingia studio ya Loningisa, na mwaka 1956 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa OK Jazz.

Angalia vizuri: mtoto maskini aliweza kujitengenezea gitaa. Ampli hakuna mtoto aliyeweza kujitengenezea kwa kopo. Inataka transfoma, taa zake za ndani, bafle, na umeme wa kuiwasha. Vitu hivyo vilikuwa kwa wenye studio, wafanyabiashara Wagiriki na Wabelgiji, na baadaye kwa wenye baa. Mwanamuziki alikuwa na vidole, mwenye duka alikuwa na vyombo. Hapo ndipo lilipoanza neno zito katika muziki wetu: mwenye vyombo.

Mwenye vyombo ndiye mwenye orkestra

Nguvu ya mwenye vyombo ilionekana wazi kwa Wakongo waliohama. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 na kuingia Orchestra Makassy. Baadaye akajiunga na Matimila, kundi ambalo vyombo vyake vilikuwa mali ya mfanyabiashara mmoja. Jina la Remmy lilikuwa kubwa, nyimbo zilikuwa zake, lakini waya ulichomekwa katika ampli ya mtu mwingine.

Hukohuko Dar es Salaam, Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 chini ya shirika la magari ya usafiri, kisha mwaka 1983 ikahamia shirika la maendeleo la jiji. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye bendi ya Safari Sound, aliwavuta wanamuziki sita wa Mlimani kwa mara moja. Mwenye vyombo na pesa aliweza kulihamisha nusu kundi kama anayehamisha viti.

Kwa upande wetu hali ilizidi kuwa ngumu. Mwishoni mwa 1973 Mobutu alitangaza mali na biashara za wageni zipewe Wazairwa, na mwaka 1974 bei ya shaba ikaanguka. Chombo chochote cha kutoka ng'ambo kikawa ghali. Ni katika miaka hiyo orkestra nyingi zilizozaliwa Kongo zilikwenda kutafuta maisha Afrika ya Mashariki: Maquis kutoka Kamina ilikuwa imefika Dar es Salaam mwaka 1972, Super Mazembe ilifika Nairobi mwaka 1974.

Konono: waliobadilisha ampli, wakaacha chombo cha babu

Kuna Wakongo waliokataa kungojea mwenye vyombo. Mzee Mingiedi Mawangu alipiga likembe, kile chombo kidogo cha vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba, alichorithi kwa watu wake wa mpakani mwa Angola. Kinshasa ilikuwa na kelele nyingi, na likembe ni chombo cha kunong'ona. Mingiedi hakuitupa ili anunue gitaa. Alichukua sumaku za magari mabovu, akazungushia waya, akazifunga kwenye likembe. Sauti akaitoa kwa vipaza sauti vikubwa vya zamani, vile vya wakati wa Wabelgiji.

Ampli zile zilikoroma, lakini kundi lake, Konono N°1, halikuficha mkoromo ule, likaufanya kuwa sehemu ya ngoma. Albamu yao Congotronics, ya mwaka 2004, ilisikika Ulaya na Marekani, na wapiga gitaa waliokuwa na vyombo vya bei kali walibaki wakijiuliza sauti ile inatoka wapi. Mzee Mingiedi alifariki mwaka 2015.

Tukio kama hilo lilitokea pia London. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ampli za Kimarekani za Fender zilikuwa ghali mno kwa vijana wa Uingereza. Jim Marshall, mpiga ngoma mwenye duka la vyombo, pamoja na mafundi wake, walifungua Fender Bassman, wakaichunguza, wakatengeneza ya kwao. Baadaye Pete Townshend wa The Who akaomba yenye nguvu zaidi, na Marshall akafika wati 100. Muziki wa roki ukabadilika kwa sababu ya sanduku lililokaa nyuma ya mpigaji.

Lakini ampli haisahihishi

Hapa mpiga solo wetu atainua mkono, na ana haki. Nico Kasanda, tuliyemwita Docteur Nico, alikuwa na sauti safi kama maji ya chemchemi, kila noti mahali pake. Seben inapigwa juu kabisa ya shingo ya gitaa, na huko gitaa mbaya inajulikana mara moja. Shingo iliyopinda, au vigingi vinavyolegea, vinaharibu seben yote. Kazi ya ampli ni kukuza tu. Ukiipa uongo, itautangaza uongo huo mpaka ng'ambo ya mto.

Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu pesa, gitaa ipimwe. Wekeni nyuzi mpya. Fundi atazame shingo, akaze vigingi, alehemu upya mahali waya unapochomekwa, maana mkoromo mwingi tunaolaumu ampli unatoka hapo au katika waya uliokatika ndani. Kazi hiyo ni ya pesa kidogo kuliko gitaa mpya. Ikiwa baada ya hapo gitaa inashika sauti kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, iacheni, pesa iende kwa ampli. Ikiwa shingo imekufa kabisa, basi mpiga solo ameshinda kikao.

Na katika kuchagua ampli, msidanganywe na namba kubwa iliyoandikwa mbele. Kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaihisi kidogo. Ili watu wasikie kama sauti imekuwa maradufu, wati zinatakiwa karibu mara 10. Ampli ndogo yenye bafle nzuri inaishinda ampli kubwa yenye bafle iliyopasuka. Tazameni pia volti. Umeme wetu ni wa volti 220, na ampli iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, ya volti 120, ikichomekwa hivihivi inaungua siku hiyohiyo.

Mambo mawili ya hapa kwetu

La kwanza ni umeme wenyewe. Mto Ruzizi una mtambo wa kwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na wa pili, wa nchi tatu kwa pamoja, tangu 1989. Maji yaleyale yanaendelea kushuka mpaka kwetu, lakini vijiji vingi vya uwanda bado vinalala gizani. Ampli yetu inaishi kwa jenereta, ile tunayoita grupu, au kwa batri na jua. Ampli inayomeza mafuta kuliko sadaka ya Jumapili itakaa kimya kanisani.

La pili ni lile ambalo hakuna muuzaji atakayewaambia. Tangu 1996 watu wa uwanda huu wamekimbia mara nyingi, na wengi wanajua uzito wa kila kitu nyumbani mwao. Gitaa inakimbia na mwenyewe, mgongoni. Ampli kubwa, ya kubebwa na watu wawili, inabaki, na anayeikuta si yule aliyeichangia. Orkestra zilizovunjika kwa njia hiyo hazikukosa wapigaji, zilikosa sauti.

Jibu la historia basi ni hili: gitaa inayoshika sauti itengenezwe, na pesa inunue ampli, kwa maana bila ampli yenu mtapiga siku zote kwa ruhusa ya mwenye vyombo. Iwe ya kubebwa na mtu mmoja, inayokubali batri, yenye bafle moja nzima. Na siku ya kuinunua, majina ya waliochanga yaandikwe kwenye karatasi, pamoja na nani anailaza nyumbani kwake na itakuwaje mmoja akihama. Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Vijana wanaoirithi hapa uwandani wanastahili kuipiga kwa sauti yao wenyewe, katika chombo ambacho hakuna mtu atakayekuja kukichomoa katikati ya wimbo.