Sindbadi, Hamali na Shujaa wa Zama Zetu

Hadithi ya Sindbadi Baharia si ngeni katika pwani yetu. Pepo za msimu zilizovileta vyombo vya Waarabu na Waajemi zilileta pia masimulizi ya mabaharia, na wakati wa utawala wa Kiingereza hekaya za Alfu Lela Ulela zilichapwa kwa Kiswahili, zikasomwa na vijana wengi. Hata ndege Rukhu, aliyeviangamiza vyombo kwa mawe, alisadikiwa na wasafiri wa kale kuwa aliishi pande hizi. Marco Polo alisimulia habari zake alipoielezea Bukini.

Tunapoikumbuka hadithi hiyo, sisi huzikumbuka safari saba, tukasahau mlango wake. Hadithi haianzii baharini. Inaanzia Baghdadi, zama za Harun al-Rashid, ambapo hamali mmoja aliyechoka anautua mzigo wake mbele ya jumba la tajiri na kulalamika: mbona wengine hustarehe na wengine huhenya? Jina lake naye ni Sindbadi. Tajiri anamwita ndani, anamsimulia taabu alizozipata, na kila siku anampa mithkali 100 za dhahabu.

Je, hilo ni jibu? Tajiri anasema kwamba mali yake ni ujira wa mashaka. Lakini hamali naye ana mashaka, wala hayajamtajirisha. Tena, katika safari zile mabaharia na wafanyabiashara wengi wanazama au wanaliwa, na mmoja tu ndiye anayerudi na almasi. Kwa hiyo hamali amepewa sadaka. Swali lake limebaki palepale mlangoni.

Katika visiwa vyetu swali hilo liliulizwa tena, si kwa kunung'unika bali kwa umoja. Mwaka 1948 wafanyakazi wa bandari ya Unguja waligoma, na mgomo ukaenea mjini. Mapambano hayo ndiyo aliyoyachota Adam Shafi katika riwaya yake Kuli, iliyochapishwa mwaka 1979. Hatudai kwamba mwandishi alikusudia kuijibu hekaya ya kale. Hata hivyo, tukizisoma pamoja, tunaona shujaa amebadilika. Rashidi hapambani na Rukhu wala jitu. Anapambana na ujira duni na dharau. Sindbadi aliokoka peke yake kwa werevu na bahati. Kuli, akitaka kuokoka, hana budi kuokoka pamoja na wenzake.

Wako watakaosema kwamba mabadiliko haya yanaiondolea hadithi ya bahari utamu wake. Sisi hatukubali. Ujasiri haupungui kwa kuhama kutoka kisiwa cha majitu hadi gatini, na hatari ya kukosa chakula cha watoto si ndogo kuliko ya dhoruba. Wala hatusemi kwamba Sindbadi atupwe. Ni yeye aliyemfungulia hamali mlango na kumsikiliza, jambo ambalo matajiri wengi hawakulifanya.

Basi mwalimu anayeifundisha hekaya hii asiishie kwenye maajabu. Awatake wanafunzi waisimulie upya, hamali akiwa ndiye msemaji, wakianza na habari za bandari zilizo karibu nao: ni nani aliyebeba mizigo, kwa ujira gani, na mali ilikwenda wapi. Wakifanya hivyo watakuwa wameanza kuiandika historia.