Brufeni ya Nottingham, Diklo ya Kariakoo: Historia ya Droo Moja Shard End

Kipindi cha wiki hii kilihusu mizigo: wazazi wakirudi kutoka nyumbani wanabeba nini kwenye sanduku. Mlitaja dagaa, ubuyu, unga wa muhogo, vitenge. Hakuna aliyetaja dawa. Lakini tulipozima tu maiki, kila mmoja akaanza: kwetu kuna diklo, kwetu kuna brufeni za kuhesabu, kwetu mama ana mfuko mzima. Basi nikasema hii siyo ya kuongea pembeni, hii inataka kuandikwa.

Vuta droo ya jikoni ya nyumba yoyote ya kwetu hapa Shard End. Kuna Nurofen ya supamaketi. Kuna aspirini ndogo ya miligramu 75 ambayo mzee aliandikiwa na daktari wa moyo. Kuna naproksini ya goti la mama. Halafu chini kabisa, ndani ya karatasi ya kaki, kuna diklofenaki ya Kariakoo. Majina manne, maboksi manne, lakini ni ukoo mmoja. Panadoli nayo ipo humo, ila yenyewe siyo ya ukoo huu hata kidogo, na hapo ndipo Kiswahili chetu kinatuchanganya, maana sisi zote tunaziita "dawa za maumivu" na yanaishia hapo.

Ukoo wenyewe unaanzia kwenye gome la mti, tena siyo mbali na hapa. Mwaka 1763 kasisi Edward Stone wa Chipping Norton, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kutoka kwetu, aliandika barua kwa Royal Society ya London. Alikuwa ameonja gome la mwerebi, ule mti wa kwenye Biblia unaopenda kuota kando ya maji, akaona uchungu wake unafanana na gome la mti wa Peru, lile lililokuja kutupa kwinini. Akalikausha, akalisaga, akawapa watu wapatao 50 waliokuwa na homa za vipindi. Wengi wakapata nafuu. Alidhani amepata dawa ya homa iliyo rahisi kuliko ile ya Peru. Kumbe alikuwa amepata kitu kingine kabisa.

Zikapita zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1897 Felix Hoffmann, mkemia wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani, akatengeneza aspirini safi, na 1899 ikapewa jina hilo la biashara. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza, dawa za Kijerumani zikakatika kwenye nchi za Mwingereza, na huko Melbourne, Australia, mfamasia George Nicholas akaanza mwaka 1915 kutengeneza ya kwake. Ndiyo ikawa Aspro. Hiyo Aspro ikasafiri na meli hadi kwenye maduka ya Afrika Mashariki, ikauzwa pamoja na sukari na mafuta ya taa. Waulize wazee wa Tanga au Mombasa, wengi walilijua neno Aspro kabla ya kusikia neno aspirini.

Sasa, kitu cha ajabu: kwa miaka zaidi ya 70 dunia ilimeza aspirini bila kujua inafanyaje kazi. Aliyekuja kulijibu swali hilo ni mtoto wa huku kwetu.

John Vane alizaliwa 1927 Tardebigge, kijiji cha Worcestershire kusini mwa Birmingham. Upande wa baba alikuwa mjukuu wa wahamiaji kutoka Urusi. Upande wa mama, wakulima wa Worcestershire. Akiwa na miaka 12 alipewa seti ya kemia kama zawadi ya Krismasi, akaigeuza jiko la mama yake kuwa maabara, hadi siku kitu kilipolipuka na rangi mpya ya ukuta ikageuka kutoka bluu kuwa kijani kichafu. Baba yake, ambaye kampuni yake ndogo ilitengeneza majengo ya kuhamishika, akamjengea kibanda cha mbao bustanini. (Nafikiria mama yangu angejenga nini. Si kibanda.) Akasoma King Edward's hapo Edgbaston, kisha kemia Chuo Kikuu cha Birmingham. Alipomaliza akaulizwa anataka kufanya nini, akajibu chochote isipokuwa kemia. Akaenda Oxford kujifunza namna dawa zinavyofanya kazi mwilini.

Mwaka 1971, London, Vane alichukua mapafu ya simbilisi yaliyosagwa na kuonyesha kwamba aspirini inazuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo zinazoleta uvimbe, joto na maumivu ukijikata au goti likichakaa. Zima kiwanda, maumivu yanapungua. Kwa kazi hiyo alipewa Nobeli ya tiba mwaka 1982, pamoja na Waswidi wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson.

Ila prostaglandini hazifanyi kazi ya kuumiza tu. Hizohizo zinalinda ukuta wa tumbo usiunguzwe na asidi yake lenyewe, na zinaachia mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Ukimeza kidonge kwa ajili ya goti, kidonge hakijui goti liko wapi. Kinazima kila mahali. Vidonda vya tumbo, figo kuzidiwa, presha kupanda: siyo bahati mbaya wala siyo dawa feki, ni dawa ileile ikifanya kazi yake ileile mahali ambapo hukutaka.

Sehemu ya pili ya hadithi ya Vane haisimuliwi sana, nami naona ndiyo inayotuhusu zaidi. Kwenye maabara yake alikuja Mbrazil, Sergio Ferreira, akiwa amebeba sumu ya nyoka wa kwao, jararaka. Vane alikuwa mshauri wa kampuni ya Squibb, akawashawishi waichunguze sumu hiyo kwa ajili ya presha. Huko ndiko ilikotoka kaptoprili, dawa ya kwanza ya kumeza ya aina yake, na baada yake zikaja ndugu zake zote ambazo leo ziko kwenye droo ileile: angalia boksi la presha la mzee, kama jina linaishia na -pril. Zile zinazoishia na -sartan ni majirani zao wa karibu.

Kwa hiyo mtu mmoja ana mkono kwenye pande zote mbili za droo. Na pande hizo mbili hazipatani. Chukulia figo kama tangi lenye bomba la kuingiza maji na bomba la kutolea. Diklo au brufeni inabana bomba la kuingiza. Dawa ya -pril au -sartan inalegeza bomba la kutolea. Presha ndani ya tangi inashuka, uchujaji unapungua. Ongeza kidonge cha kukojoza, ambacho wazee wengi wa presha wanacho, maji yenyewe yanapungua kwenye mfumo. Madaktari wana hofu maalumu na mkusanyiko huo wa tatu, hasa kwa mtu mzima mwenye kisukari, na zaidi akiwa anaharisha, anatapika, au hajanywa maji siku nzima.

Turudi kaskazini kidogo, Nottingham. Stewart Adams aliacha shule akiwa na miaka 16 akawa mwanagenzi wa Boots. Kuanzia 1953 alikuwa anatafuta dawa ya baridi yabisi isiyoumiza tumbo kama aspirini. Yeye na mkemia John Nicholson walipima mamia ya kemikali. Nne zilifika kwa wagonjwa zikashindwa. Hataza ya ibuprofeni iliombwa 1961, na 1969 ikaanza kuandikiwa wagonjwa Uingereza kwa jina la Brufen. Ndiyo maana mpaka leo bibi aliyeko Morogoro anasema "brufeni": anataja boksi la Nottingham. Adams mwenyewe alisimulia kwamba alimeza miligramu 600 asubuhi moja huko Moscow, 1971, kichwa kikimgonga kwa pombe za jana yake na hotuba ikimsubiri. Mwaka 1983 ikaruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari.

Katikati ya furaha hiyo kukatokea Opren. Ilikuwa dawa ya ukoo huohuo, ikaingia soko la Uingereza 1980 kwa matangazo makubwa, ikiwalenga wazee wenye baridi yabisi. Miili ya wazee haikuweza kuitoa haraka kama ya vijana. Ikakaa, ikajirundika, ikaharibu maini na figo. Vifo zaidi ya 60 vikaripotiwa, na Agosti 1982 leseni yake ikasimamishwa. Miezi miwili baadaye Nobeli ya Vane ikatangazwa. Dozi ilipimwa kwa mwili mmoja, ikamezwa na mwili mwingine: hapo mimi nasimama kila nikisikia "mbona mimi nilimeza na sikupata kitu, mpe na bibi."

Vioxx ilikuja 1999 ikiahidi kutunza tumbo. Tumbo ilijitahidi, moyo ikaukosea. Septemba 30, 2004 kampuni ya Merck ikaiondoa duniani kote, baada ya watu zaidi ya milioni 80 kuitumia. Vane alifariki Novemba mwaka huohuo.

Baada ya Vioxx watafiti wakaanza kuwatazama ndugu waliobaki, na macho yakatua kwenye diklofenaki. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikasema hatari yake kwa moyo inakaribiana na ya dawa za kundi la Vioxx. Hapa Uingereza vidonge vidogo vya miligramu 12.5 vilikuwa vinauzwa famasi bila cheti; Januari 2015 vikaondolewa. Sasa vidonge ni kwa cheti cha daktari tu. Jeli ya kupaka imebaki, maana inayoingia kwenye damu ni kidogo.

Nyumbani je? Mwaka huohuo wa 2013 utafiti mmoja ulikuta diklofenaki kwenye orodha za dawa muhimu za nchi 74, ingawa orodha ya Shirika la Afya Duniani yenyewe haina. Ni bei nafuu, inafanya kazi haraka, ipo ya kidonge na ipo ya sindano. Tanzania ilijitahidi kurekebisha maduka ya dawa baridi: mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulianza Ruvuma 2003, wauzaji wakifundishwa na kusajiliwa. Hata hivyo vidonge vinne ndani ya karatasi ya kaki haviji na maelezo. Na kuna vidonge vya mchanganyiko, parasetamoli na diklofenaki ndani ya kimoja, ambavyo mtu anavihesabu kama panadoli yenye nguvu.

Nisiwasahau tumbusi. India, miaka ya 1990, tumbusi walianza kufa kwa mamilioni na hakuna aliyejua kwa nini. Mwaka 2004 ikagundulika: ng'ombe walikuwa wanapewa diklofenaki, wakifa tumbusi wanakula mzoga, figo za ndege zinakufa. India ikaipiga marufuku kwa mifugo 2006. Ndege siyo mtu, sawa, lakini mimi tangu nisome habari hiyo siioni ile karatasi ya kaki kwa macho yaleyale.

Kwenye droo, basi, inamaanisha hivi. Wawili wa ukoo mmoja hawamezwi pamoja: naproksini ya daktari asubuhi na diklo ya Kariakoo jioni ni dozi mbili za kitu kimoja, na hatari kwa tumbo inajumlishwa. Ibuprofeni ya dukani kwa mtu mzima haizidi miligramu 400 mara tatu kwa siku, pamoja na chakula, kwa siku chache. Mwenye kidonda cha tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, au pumu iliyowahi kuchochewa na dawa hizi, aanze na panadoli na amuulize mfamasia. Mjamzito kuanzia wiki ya 20 asiguse bila daktari. Ile aspirini ndogo ya moyo usiiache kwa uamuzi wako, lakini pia usiichanganye na ibuprofeni kila siku bila kuuliza, kwa sababu inaweza kuizuia isifanye kazi.

Ramadhani ni somo lake. Juni 2016 saumu ya Birmingham ilizidi saa 18. Mzee wa presha anayemeza diklo ya mgongo wakati wa daku, kisha hanywi tone hadi usiku, ameweka figo zake kwenye lile tangi nililoeleza, bomba zote mbili na maji yenyewe. Zungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama, siyo siku ya kumi.

Na kwa wanaokwenda Dar likizo: jiji hilo lilikumbwa na mlipuko wa dengi 2014 na tena 2019. Homa ya dengi inaumiza mifupa kiasi kwamba mkono unakwenda wenyewe kwenye brufeni. Usimeze, wala aspirini, kwa sababu dengi inaleta kutoka damu na dawa hizi zinazidisha. Panadoli na maji mengi mpaka upimwe.

Mfamasia akimuuliza mama, "Unatumia dawa nyingine?" atajibu hapana, kwa moyo mweupe kabisa. Kwake dawa ni ile ya presha na ya sukari. Diklo ni kitu cha goti tu. Wewe unayemtafsiria usiishie kwenye neno dawa. Muulize: mama, ukiumwa mgongo unameza nini? Kisha beba droo nzima kwenye mfuko, na ile karatasi ya kaki, uiweke juu ya kaunta. Na akisema choo kimekuwa cheusi kama lami, au ametapika kitu kama machicha ya kahawa, hapo hakuna cha mfamasia tena, ni 999 saa hiyohiyo.