Una kifua kikuu? Fuatilia uzito wako miezi 2 ya kwanza

Dawa za kifua kikuu (TB) huua vijidudu, lakini mwili uliokonda sana hupona kwa shida, na wagonjwa waliodhoofika ndio wanaofariki zaidi. Ukianza dozi ya miezi 6, usikubali kuondoka kliniki bila kupimwa uzito.

Utafiti wa Jharkhand, India, uliotolewa mwaka 2023, ulifuatilia wagonjwa 2,800 waliopewa dawa pamoja na chakula cha kila mwezi: mchele, unga wa dengu, maziwa ya unga na mafuta. Kwa walioongezeka uzito kwa asilimia 5 katika miezi 2 ya kwanza, hatari ya kufa ilikuwa ndogo kwa asilimia 61. Kwa mtu wa kilo 45, hizo ni kilo 2 na robo tu.

Tunajua kwamba katika makazi mengi mgao umepunguzwa, na mzazi mgonjwa huwaachia watoto sahani yake. Ndiyo sababu mweleze mhudumu wa afya ukweli kuhusu chakula cha nyumbani kwako. Mwombe akupime urefu na mkono pia, kisha uulize kama unastahili kupewa chakula cha lishe. Kikitolewa kwa jina lako, ni sehemu ya matibabu yako, usikiuze.

Dawa zikianza kufanya kazi, hamu ya kula hurudi na njaa huwa kali. Hapo ndipo wengine huacha vidonge, wakisema vinawamaliza kwa njaa. Usiache. Kula kidogo kidogo mara nyingi: maharage, karanga, dagaa, yai likipatikana, na kijiko cha mafuta kwenye uji.

Idadi ya vidonge hutegemea kilo zako, kwa hiyo uzito ukibadilika, dozi nayo huenda ikabadilishwa. Miguu ikifa ganzi au kuwaka moto, sema mapema. Vitamini B6 husaidia.

Miezi 2 ikipita bila uzito kuongezeka, rudi ukachunguzwe tena. Huenda ni TB sugu, VVU au kisukari.

Nenda na watu unaoishi nao wakapimwe. Huko Jharkhand, familia zilizopewa chakula cha ziada zilipata wagonjwa wapya wa TB pungufu kwa asilimia 39.