Chunusi, gereza na chupa ya kila mwezi

Chunusi huanzia kwenye tundu la ngozi linalotoa kinyweleo. Tezi iliyo pembeni mwa shina la kinyweleo hutoa mafuta kupita kiasi, hasa homoni za balehe zinapopanda. Seli zilizokufa hushikamana na kuziba tundu, bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye siku zote huishi kwenye ngozi bila kumsumbua mtu, huongezeka humo ndani, na mwili hujibu kwa uvimbe na usaha. Hakuna dawa moja ya kupaka inayoshughulikia yote hayo. Kwa sababu hiyo historia ya tiba ya chunusi ni historia ya kuchanganya dawa, na huduma za Marekani zinazomtumia mgonjwa chupa iliyochanganywa kwa jina lake, kwa malipo ya kila mwezi, ni hatua yake ya karibuni.

Hadi katikati ya karne ya 20 madaktari hawakuwa na mengi ya kutoa. Salfa ilikuwa ikipakwa tangu enzi za Warumi, na inasaidia kidogo. Kilichofuata kilikuwa na nguvu zaidi na madhara makubwa zaidi: kwa miongo kadhaa, mpaka miaka ya 1950, vijana walipigwa eksirei usoni ili tezi za mafuta zisinyae. Zilisinyaa kweli na chunusi zikapungua. Miaka mingi baadaye baadhi yao walipata saratani ya ngozi au ya tezi ya thairoidi iliyo shingoni.

Dawa ambayo mpaka leo ndiyo mhimili wa nyingi ya chupa hizo za kila mwezi ni tretinoini, yaani asidi itokanayo na vitamini A. Waholanzi Arens na van Dorp waliitengeneza maabara mwaka 1946, na Günter Stüttgen wa Ujerumani alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuijaribu kwenye magonjwa ya ngozi. Tatizo lilikuwa kwamba inachoma. Mwaka 1969 Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, pamoja na James Fulton na Gerd Plewig, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba inatibu chunusi ikipakwa mara kwa mara na mgonjwa akivumilia wiki za mwanzo. Mwaka 1971 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliiidhinisha kwa jina la Retin-A. Dawa hii huharakisha kuzaliwa kwa seli mpya na kulegeza zile zinazoziba matundu. Wiki za kwanza ngozi hubabuka, huwa nyekundu, na mara nyingine chunusi huzidi kabla ya kupungua. Nafuu ya kueleweka huchukua kama miezi mitatu. Wengi huacha dawa hapo katikati, wakidhani imewaharibu.

Sehemu kubwa ya utafiti wa Kligman kuhusu ngozi, ukiwemo ule uliozaa tretinoini ya kupaka, ilifanyika katika gereza la Holmesburg mjini Philadelphia. Kuanzia mwaka 1951 hadi 1974 wafungwa, wengi wao watu weusi, walilipwa fedha kidogo ili migongo na mikono yao ipakwe vipodozi, dawa na kemikali, pamoja na dioksini, sumu aliyoijaribu kwa niaba ya kampuni ya Dow Chemical. Wengi hawakuelezwa wanachopakwa. Kligman mwenyewe alimsimulia mwandishi wa gazeti kwamba alipoingia gerezani mara ya kwanza alichokiona mbele yake ni eka za ngozi. Mwanahistoria Allen Hornblum aliyachukua maneno hayo kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 1998. Kligman alifariki mwaka 2010 bila kukiri kosa. Chuo chake kiliomba radhi mwaka 2021, na mji wa Philadelphia mwaka 2022. Historia hii haitajwi kwenye vibandiko vya chupa za leo, na ni vigumu kuona ingetajwaje, lakini kila tone la tretinoini linatoka huko.

Dawa nyingine zilikuja kwa njia tulivu zaidi. Mwaka 1965 daktari wa Kanada, William Pace, alichapisha matokeo ya krimu ya benzoili peroksaidi na salfa. Benzoili peroksaidi huua bakteria kwa oksijeni, na bakteria hawajapata namna ya kuizoea. Antibiotiki za kumeza kama tetrasaiklini, na baadaye klindamaisini ya kupaka, zilifanya kazi vizuri hadi vimelea vilipoanza kujenga usugu. Kwa chunusi kali zenye mavimbe ya ndani na makovu ilikuja isotretinoini ya kumeza, iliyoidhinishwa mwaka 1982. Huponya kuliko zote, lakini huharibu sana mimba, na tangu mwaka 2006 Marekani hutolewa tu kwa wagonjwa waliosajiliwa kwenye mpango maalumu wa udhibiti. Dawa hiyo haimo kwenye chupa za kupaka.

Wazo la kuchanganya dawa kwa ajili ya mgonjwa mmoja lina umri mkubwa kuliko dawa zote hizi. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 mfamasia alikuwa mtu wa kinu na mizani: daktari aliandika, yeye akasaga na kukoroga. Viwanda vilipochukua kazi hiyo, ufundi huo ulibaki pembeni, ila madaktari wa ngozi hawakuuacha. Mwaka 1975 Kligman na mwenzake Isaac Willis walieleza mchanganyiko wa kutibu madoa meusi usoni: haidrokwinoni, tretinoini na steroidi. Afrika Mashariki inaujua upande wa pili wa viambato hivyo, kwa kuwa haidrokwinoni na steroidi ndizo zinazokutwa mara kwa mara kwenye mkorogo wa kujichubua, unaochanganywa bila cheti wala kipimo, na steroidi ikipakwa usoni muda mrefu huleta chunusi zake yenyewe.

Malipo ya kila mwezi nayo yalitoka kwingine. Mwaka 1995 madaktari wawili wa ngozi wa California, Katie Rodan na Kathy Fields, walianzisha Proactiv, seti ya sabuni na losheni zenye benzoili peroksaidi kidogo, iliyouzwa na kampuni ya Guthy-Renker kupitia vipindi virefu vya matangazo ya televisheni. Mteja alipiga simu, akatoa namba ya kadi, na boksi jipya likawa linamfikia kila la awali linapokaribia kwisha, mpaka aseme basi. Hakukuwa na kitu kipya ndani ya boksi. Jipya lilikuwa kuelewa kwamba chunusi hutaka dawa ya miezi na miaka, na kwamba mtu hupaka kwa uaminifu zaidi kitu kinachomfuata nyumbani.

Mwaka 2014 David Lortscher, daktari wa ngozi, aliunganisha nyuzi hizo kupitia huduma iliyoitwa PocketDerm, baadaye Curology, kwa bei ya kuanzia chini ya dola 20 kwa mwezi. Wakati huo Mmarekani aliyetaka kumwona daktari wa ngozi katika miji mikubwa alisubiri kwa wastani takribani mwezi mmoja, na wilaya nyingi za vijijini hazikuwa na daktari hata mmoja wa fani hiyo. Kwa huduma hii mgonjwa hujaza maswali kuhusu ngozi yake, dawa anazotumia na kama ana mimba au ananyonyesha, kisha hutuma picha za uso bila vipodozi. Daktari au muuguzi mwenye leseni ya jimbo analoishi mgonjwa huzipitia na kuandika cheti, famasia huchanganya, na chupa ya kubonyeza hufika kwa posta. Kibandiko hubeba jina la mgonjwa na viambato visivyozidi vitatu, kwa mfano tretinoini asilimia 0.025, klindamaisini asilimia 1 na niasinamaidi asilimia 4 ya kutuliza wekundu. Mjamzito hapewi tretinoini; hupewa asidi ya azelaiki. Ngozi ikishazoea, kipimo hupandishwa.

Neno kuu la matangazo ni kwamba dawa imetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja. Ni kweli kwa kiasi. Viambato ni vichache, vipimo pia, na wagonjwa wengi hupata michanganyiko inayofanana sana. Sehemu ya sababu ya kuchanganya ni ya kisheria: kifungu cha 503A cha sheria ya dawa ya Marekani, kilichopitishwa mwaka 1997, humruhusu mfamasia kumchanganyia mgonjwa dawa isiyopitia idhini ya FDA mradi isiwe nakala ya ile inayouzwa tayari dukani. Usimamizi wa kazi hiyo ulikazwa mwaka 2013, baada ya sindano zenye kuvu zilizotoka famasia moja ya Massachusetts mwaka uliotangulia kuua zaidi ya watu 60. Krimu ya usoni haina hatari ya kiasi hicho, ila mchanganyiko wenyewe, kama ulivyo ndani ya chupa, kwa kawaida haujajaribiwa.

Madaktari wana malalamiko mengine. Benzoili peroksaidi huweza kuivunja tretinoini ya kawaida zikichanganywa, hivyo mara nyingi haimo, na klindamaisini bila benzoili peroksaidi huacha mlango wazi kwa usugu. Picha nayo haioneshi vinundu vilivyo chini ya ngozi ambavyo kidole cha daktari kingevigusa, na bima ya afya kwa kawaida hailipii.

Hayo hayakuzuia biashara. Janga la Uviko-19 liliwazoesha watu kumwona daktari kwa simu. Skin + Me ilianza Uingereza mwaka 2020, na mwaka 2021 kampuni ya Hims & Hers iliinunua Apostrophe, mshindani wa Curology. Viwanda vya dawa navyo vilisogea upande huohuo. Adapalini, ndugu wa tretinoini, iliruhusiwa kuuzwa Marekani bila cheti mwaka 2016. Mwaka 2021 iliidhinishwa Twyneo, ambamo tretinoini na benzoili peroksaidi zimefungwa kila moja kwenye vidonge vidogo mno vya silika ili zisigusane, na mwaka 2023 ikafuata Cabtreo, jeli yenye klindamaisini, adapalini na benzoili peroksaidi kwa pamoja. Dawa tatu ndani ya chombo kimoja zikawa zinapatikana zikiwa zimejaribiwa, kwa kipimo kilekile kwa kila mgonjwa.